Kinanda kimfuate mwimbaji, si mwimbaji kukifuata kinanda

Arusi nyingi za mwambao siku hizi zina kinanda cha umeme, na katika nyingi ya arusi hizo hutokea jambo ambalo wenye masikio hulitambua hata kama hawawezi kulieleza. Mwimbaji huanza wimbo wa Bayati, akapanda hatua ya kwanza tu, na hapo hufika mahali ambapo sauti haiko juu wala haiko chini. Iko katikati. Udi, kama upo, humfuata. Fidla nayo humfuata. Kinanda hakimfuati, kwa sababu kina kitufe cha juu na kitufe cha chini, na hapo katikati hakina kitu.

Basi huwa moja katika mawili. Ama kinanda kigongane na mwimbaji, na wazee waliokaa kando watikise vichwa. Ama mwimbaji akiache kituo chake na kuhamia kwenye kitufe cha kinanda ili amani ipatikane. Mara nyingi huwa hilo la pili. Na kila mara linapotokea, kitu kidogo hupotea ambacho hakuna anayekililia, kwa kuwa hakina jina katika mazungumzo yetu ya kila siku.

Mabarazani maneno ni ya pande mbili. Kuna wasemao kwamba mashine hizi ndizo zilizoua taarab ya asili, kwa kuwa ni za Wazungu na hazijui zetu. Na kuna vijana wajibuo kwamba dunia imekwenda mbele, na mwenye kutaka robo za sauti na abaki nyumbani na santuri za babu yake.

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani kwamba mashine ya muziki ilizaliwa pamoja na vitufe vyeupe na vyeusi vya piano. Haikuzaliwa hivyo. Tukiijua historia yake tutaona kwamba ilikuwa na uwezo wa kutoa sauti yoyote mtu aitakayo, kisha ikafungwa; na tutaona pia kwamba ufunguo haukutupwa baharini.

Sitaingia katika mjadala wa masheikh juu ya ala za muziki. Mjadala huo una wenyewe, nao ni wa tangu zamani. Nazungumzia kitu ambacho tayari kimo katika nyumba zetu na arusi zetu.

PINI ZA BAGHDAD

Tuanze mbali kidogo, katika mji wa Baghdad wa karne ya 9. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, walikuwapo ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa ibn Shakir. Wanavyuoni huwaita Banu Musa. Walikuwa mabingwa wa hesabu, elimu ya nyota na ufundi, na kitabu chao cha hila za ufundi, kilichoandikwa yapata mwaka 850, kinaeleza vifaa vipatavyo 100.

Kwa jambo letu la leo, muhimu zaidi ni risala yao nyingine, ihusuyo ala ipigayo yenyewe. Ndani yake wameeleza namna ya kutengeneza zumari isiyohitaji mpigaji. Maji yanasukuma hewa, hewa inaingia katika zumari, na kando yake linazunguka pipa lililopigwa pini. Kila pini ifikapo mahali pake inainua mkono mdogo, na mkono ule unafungua au kuziba tundu la zumari. Ukitaka wimbo mwingine, unazipanga pini upya.

Ndugu msomaji, mashine ifanyayo kazi hiyo leo huitwa sikwensa. Kazi yake ni kuishika orodha ya sauti na kuipiga kwa mpangilio, moja baada ya moja, bila ya mkono wa mtu. Badala ya maji tumetia umeme, na badala ya pini tumetia namba, lakini fikira ni ile ile.

Baada ya Banu Musa alikuja al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakir, ambaye mwaka 1206 alikamilisha kitabu chake cha mitambo. Humo mna jahazi dogo la kuelea juu ya maji ya birika, lenye wanamuziki wa bandia wanne ambao maji yaliwaendesha wakapiga ala zao.

Yafaa tukumbuke jambo moja kuhusu zumari. Tundu la zumari hutobolewa pale sikio la fundi linapotaka, wala hakuna sheria ya mbao isemayo litobolewe hapa na si pale. Mashine ile, kwa hiyo, haikuwa na ugomvi wowote na maqam. Ilisema lugha ya yule aliyeitengeneza. Anayedai kwamba mashine ya muziki na sikio la Mwislamu wa zamani havikupata kuonana, hajafungua vitabu vyake mwenyewe.

CAIRO NA UGOMVI WA PIANO

Sasa turuke karne nyingi hadi Cairo, mwaka 1932. Mfalme Fuad wa Misri aliwakusanya wanamuziki na wataalamu wa nchi za Kiarabu, pamoja na wageni kutoka Ulaya kama Béla Bartók na Paul Hindemith, wazungumzie muziki wa Kiarabu. Moja ya mambo yaliyozua ubishi ni piano. Wengine waliiona ni alama ya maendeleo. Wengine walisema kwamba chombo chenye sauti 12 tu katika kila oktava, yaani kutoka Do ya chini hadi Do ya juu, kitawafanya watu wasahau zile sauti za katikati.

Ubishi ule ndio wetu wa leo, neno kwa neno. Wala si ajabu, kwa sababu sikio la taarab yetu limenyweshwa na Cairo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana wake Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni. Na kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa Unguja mwaka 1905, ndiyo njia hiyo hiyo kilichoifuata.

Mwaka 1944, hapo hapo Cairo, kijana aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasa sauti kwa waya wa chuma, kabla tepu hazijaenea. Akaenda nayo kwenye ngoma ya zari, ile ya kupunga pepo ambayo wazee wa pwani wanaijua vyema, akanasa sauti za wanawake waliokuwa wakiimba. Kisha akakaa na ule waya. Akaondoa sehemu ya sauti, akaacha mwangwi wake, akanasa tena na tena hata kikatoka kitu ambacho hakuna koo la mtu wala ala iliyopata kukitoa.

Vitabu vingi humtaja Mfaransa Pierre Schaeffer kuwa ndiye baba wa muziki wa namna hiyo, kwa kazi zake za mwaka 1948. Simnyang'anyi Schaeffer haki yake. Lakini 1944 huja kabla ya 1948, na El-Dabh alikuwa Mmisri aliyekuwa akisikiliza sauti za kwao. Baadaye alikwenda Marekani, na mwaka 1959 akatunga kwa mitambo ya umeme kazi iliyojengwa juu ya kisa cha Layla na Majnun. Aliaga dunia mwaka 2017.

MTAMBO WA CHUMBA KIZIMA

Mtambo aliokuwa karibu nao El-Dabh huko New York ulikuwa mnyama wa namna yake. Mwaka 1957 kampuni ya RCA iliufunga mtambo wake wa pili wa kuunda sauti katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ulijaza ukuta mzima wa chumba, na ndani yake mlikuwa na valvu za kioo zaidi ya 1,000, za aina ile iliyokuwa katika redio za zamani ambazo mtu alikuwa akingoja zipate moto kwanza ndipo asikilize habari.

Mtambo huo ulikuwa sinthesaiza na sikwensa kwa pamoja. Sinthesaiza ni mashine iundayo sauti kutokana na umeme wenyewe, pasipo uzi wa kutikisika wala tundu la kupuliza. Mtunzi alitoboa matundu katika ukanda wa karatasi: matundu haya yaeleze sauti iwe ya juu kiasi gani, yale yaeleze nguvu yake, na mengine urefu wake. Ukanda ukapita, mtambo ukapiga. Pini za Baghdad zimekuwa matundu ya karatasi.

Kwa mtambo kama huo dakika chache za muziki zilimgharimu mtunzi wiki nyingi za kazi. Tena ulikuwa wa chuo, wa watu wachache wenye ruhusa ya kuingia. Mpigaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuufikia.

VOLTI MOJA

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1960, kwa mikono ya Wamarekani wawili waliofanya kazi mbalimbali, kila mmoja upande wake wa nchi. Robert Moog alikuwa Trumansburg katika jimbo la New York. Donald Buchla alikuwa upande wa San Francisco, akiwatumikia watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender. Moog alionyesha visanduku vyake mbele ya mafundi wa sauti mjini New York mwezi wa Oktoba 1964.

Siri yao ilikuwa nyepesi kueleza. Kisanduku kimoja kinatoa sauti, cha pili kinaichuja, cha tatu kinaipandisha na kuishusha nguvu, na vyote vinaongozwa na kiasi cha umeme kinachopita katika nyaya baina yao. Moog aliweka kipimo kwamba volti moja ikiongezeka, sauti inapanda oktava moja. Na sikwensa yake ilikuwa ubao wa vishikio vya kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Vilikuwa vimepangwa safu 3, kila safu vishikio 8. Mashine inapita kishikio cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi cha nane, kisha inarudi mwanzo.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji anisikilize kwa makini, kwani ndiyo kiini cha hoja yangu.

Oktava ina sauti kamili 6, au nusu sauti 12. Kwa hiyo nusu sauti ni sehemu moja katika 12 ya volti. Hatua ya kwanza ya Bayati, ile niliyoianza nayo, ni yapata robo tatu ya sauti kamili. Piga hesabu: ni thumuni ya volti, yaani sehemu moja katika 8. Basi mtu aliyekaa mbele ya sikwensa ya Moog alikizungusha kishikio chake hadi kwenye thumuni ya volti, na Bayati ikatoka. Akiona bado haijakaa sawa na sikio la kwao, maana Bayati ya Cairo na ya Istanbul hazilingani kabisa, alikisogeza nywele moja zaidi. Mashine haikumwambia kwamba sauti hiyo haipo.

Buchla alikwenda mbali zaidi. Hakutaka kabisa vitufe vya piano katika mitambo yake. Aliona kwamba mtu akiwekewa vitufe vile, mikono yake itapiga yale yale iliyozoea. Akaweka mabamba ya kugusa, na kila bamba mtu analipa sauti aitakayo. Ni kwa mtambo huo Subotnick alitunga kazi yake ya santuri ya mwaka 1967, "Silver Apples of the Moon".

Lakini soko halikumfuata Buchla, lilimfuata Moog, kwa sababu Moog aliongeza vitufe vya piano na wapigaji wa huko walivijua. Mwaka 1970 alitoa Minimoog, kidogo, cha kubebeka, na vitufe vyake vimekaa mbele. Walivitaka wanunuzi wa kule, ambao nyimbo zao zilikwisha kukubali sauti 12. Hakuna aliyewaonea kwa hilo. Wao walinunua kinachofaa nyimbo zao.

KAZI YA MKONO NA SIKIO

Watu hudhani kwamba mashine ni uvivu. Mitambo ile ya zamani haikumwacha mtu awe mvivu. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa santuri ya muziki wa Bach uliopigwa wote kwa Moog. Mtambo ulitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila sauti ilinaswa peke yake kwenye tepu, kisha ikaongezwa ya pili juu yake, na ya tatu. Tena mtambo ulipopata joto ulitoka katika sauti yake, ikabidi usimamishwe na kusawazishwa kwa sikio, mfano wa mpigaji udi akazaye nyuzi kati ya wimbo na wimbo.

Hata ule wimbo wa Donna Summer wa mwaka 1977, "I Feel Love", uliotikisa majumba ya dansi ulimwenguni, ulitengenezwa Munich na Giorgio Moroder kwa Moog kubwa na sikwensa, na fundi Robby Wedel akiuongoza mtambo. Karibu kila kitu ndani yake ni mashine, isipokuwa sauti ya bibi huyo na ngoma kubwa ya miguu. Lakini nyuma ya mashine ile walikuwa watu waliokuwa wakisikiliza bila kupumzika.

Mwaka huo huo wa 1977 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa MC-8, sikwensa yenye kompyuta ndani yake. Iliweza kushika sauti zaidi ya 5,000, na mtu aliziingiza kwa kubonyeza namba, sauti baada ya sauti, urefu baada ya urefu. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5 ya Dave Smith wa California, iliyoweza kukumbuka sauti 40 zilizotengenezwa tayari. Ndipo namba zilipoanza kuchukua mahali pa kishikio cha kuzungusha.

MFANO WA BOMBAY

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni ya Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini. Nawapeleka Bombay, mji ambao pwani yetu imefanya nao biashara ya vitambaa na nyimbo kwa muda mrefu.

Wahindi nao waligombana na vitufe kabla yetu. Redio ya serikali ya India iliipiga marufuku harmonium hewani kuanzia mwaka 1940 hadi 1971, na sababu kubwa ilikuwa hii hii: kinanda kile hakiwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti, wala hakina sauti ndogo ndogo za katikati. Marufuku ile ilikuwa kali mno kwa maoni yangu, na nyumbani watu waliendelea kuipiga. Ila ilionyesha kwamba kulikuwa na watu waliolijali sikio lao kiasi cha kulitungia sheria.

Kisha mwaka 1982 mpigaji wa nyimbo za filamu aitwaye Charanjit Singh alichukua mashine tatu za Roland: kinanda cha Jupiter-8, mashine ya ngoma TR-808, na kisanduku kidogo cha besi kiitwacho TB-303 ambacho ni sikwensa na sinthesaiza pamoja. Kisanduku kile kilitengenezwa kimwigie mpigaji gitaa la besi, na kazi hiyo kiliifanya vibaya. Lakini kilikuwa na kitu kimoja kizuri: kiliweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Singh akaona kwamba mtelezo ndio uhai wa raga. Akapiga raga kumi, Bhairav ikiwa ya kwanza, juu ya mdundo wa disko.

Santuri ile haikuuzwa sana wakati ule. Ilipotolewa tena mwaka 2010, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walishangaa, maana ilifanana na muziki ambao vijana wa Chicago walikuja kuufanya miaka kadhaa baadaye kwa kisanduku hicho hicho. Singh hakuiuliza mashine inaweza nini. Aliujua wimbo wake kwanza, kisha akatafuta katika mashine kile kilichoufaa.

LUGHA MOJA, NAMBA 128

Tatizo la miaka ile lilikuwa la namna nyingine. Mashine za makampuni mbalimbali hazikusikizana. Ili mbili ziende kwa mdundo mmoja zilihitaji kupelekeana mapigo, na kwa kila pigo moja la wimbo Roland ilihesabu 24, Korg 48 na Oberheim 96. Aliyenunua kinanda hapa na ngoma pale alikuwa na bubu wawili nyumbani.

Dave Smith na Ikutaro Kakehashi wa Roland ndio waliosukuma mbele wazo la kutunga lugha moja. Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, Prophet-600 iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na zikasikizana. Lugha hiyo ikaitwa MIDI. Wenyewe hawakudai malipo kwa kila atakayeitumia, na kwa ajili hiyo vinanda vikawa rahisi, vikafika hata kwa mpigaji wa Mombasa na Malindi. Hilo ni jema, na haki lazima isemwe.

Lakini lugha yoyote ina maneno yake na haina mengine. Katika MIDI sauti ni namba, kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ni 60, na nusu sauti inayoifuata ni 61. Baina ya 60 na 61 hakuna namba. Kile kishikio kilichokuwa kikisogezwa nywele moja kimekuwa ngazi, na mtu husimama juu ya kipago au hasimami. Ipo amri ya kupinda sauti, lakini katika matumizi ya kawaida hupinda sauti zote zinazopita njia moja, si ile moja tu uitakayo.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Hakuufunga adui. Waliufunga mafundi wema waliokuwa wakitatua shida yao, na katika chumba kile hakukuwa na mtu wa kuuliza: na Bayati je?

UFUNGUO UPO

Jambo la kutia moyo ni kwamba mlango ule haukukomewa. Mwaka 1992 iliongezwa katika MIDI kanuni ya kusawazisha kila sauti peke yake. Na kwa kuwa wapigaji na wasikilizaji wa nchi za Kiarabu walitaka maqam zao, makampuni yakatengeneza vinanda vya soko hilo, ambavyo mpigaji hubonyeza kitufe na sauti aliyoichagua ikashuka robo. Vinanda hivyo vinauzwa Dubai na Maskati, ambako karibu kila nyumba ya hapa ina ndugu au jirani.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulipopokea kinanda cha umeme, na hasa miaka ya 1990 pale vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody vilipokitia mbele na kuziacha nyuma ala nyingi za zamani, tulikipokea kama kilivyotoka dukani. Siwalaumu wapigaji. Kulipa watu kumi na watano wa fidla, ganuni na nai ni mzigo, na mwenye arusi anataka sauti kubwa kwa fedha chache. Nalaumu kwamba hatukuuliza.

Najua pia kwamba si kila wimbo wetu una robo za sauti. Nyimbo nyingi za Mombasa zilizochukua mahadhi ya filamu za Kihindi, katika njia aliyoipamba marehemu Juma Bhalo, zilikwenda vizuri na harmonium na kinanda. Lakini hata hizo zina mtelezo wa koo ambao kitufe hakiujui. Na zile za njia ya Kiarabu, ambazo marehemu Zein l'Abdin alizitunza kwa udi wake, haziwezi kabisa kuhamishwa kituo bila ya kugeuka kitu kingine.

Hasara hii haiko katika taarab peke yake. Mtoto wa madrasa hujifunza kasida na kusoma maulidi kwa kusikia. Akikua nyumba nzima inapigwa sauti 12 asubuhi na jioni, katika simu, katika redio, katika arusi, sikio lake litazisawazisha zote kwa kipimo hicho. Atakapomsikia mzee wake akisoma kwa Rasti au Sika atadhani kwamba mzee amekosea. Atamwonea haya, kumbe mwenye upungufu ni yeye, na hakuna aliyemwambia. Nasema hili nikijua kwamba kisomo si muziki. Ila sikio la mtu ni moja.

Kwa hiyo sisemi tuvunje vinanda, na sisemi tuviache vitutawale. Nasema mambo matatu mepesi.

Mwenye kununua kinanda kwa ajili ya taarab asiulize kwanza kina midundo mingapi. Aulize kama sauti moja moja yaweza kushushwa. Vinanda vingi vinaweza, na wengi wa wenye navyo hawajafungua ukurasa huo wa kitabu chake.

Wenye kufundisha vijana kinanda wawafundishe kwanza kuimba maqam kwa koo, au kwa udi, hata kabla ya kugusa kitufe. Banu Musa hawakuweza kupanga pini za wimbo wasioujua, na mpigaji wa leo hawezi kudai katika mashine sauti asiyoisikia kichwani mwake.

Na wenye arusi, ambao ndio watoao fedha, wana neno kubwa kuliko wanavyodhani. Kabla wageni hawajakaa, na wapewe mpigaji kinanda na mwimbaji dakika kumi za kukaa pamoja. Mwimbaji apande hatua ile ya kwanza ya Bayati, asimame papo hapo, na mpigaji akisogeze kinanda chake mpaka wakutane. Kikikataa kusogea, basi katika wimbo huo kinyamaze, na udi upige.